Ufa wa Nguzo ya Saba

Mkinisikiliza nitasema, na mkiniuliza nimeyasikia wapi nitasema sikuwepo. Kuna nchi moja nzuri sana. Ina milima, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na ina Serikali inayowapenda raia wake kupita kiasi. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Ni kwamba nina watoto wanasoma.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Barnaba. Lilijengwa zamani na askofu mmoja wa Kizungu aliyeshikwa na hamu ya kwao, akasema bora kwao kuje huku. Akaliinua kwa mtindo wa Kigothi: nguzo kumi na mbili nene ajabu, matao yaliyochongoka juu, madirisha ya vioo vya rangi, na kwenye pembe za paa wanyama wa mawe wanaotapika maji ya mvua. Ni kanisa la kutazama mpaka shingo iume. Serikali ikalitangaza kuwa Kumbukumbu Kuu ya Taifa, ikaanza kulikarabati, na ukarabati huo una miaka thelathini na minne sasa. Waumini huruhusiwa kusali humo Jumapili, wakiomba kwa barua.

Msicheke. Kazi ya uangalifu haina haraka. Miaka sita ya kwanza ilitumika kujadili kama wale wanyama wa mawe ni raia au wageni, kwa kuwa walichongwa kwa mawe ya hapa lakini kwa sura za huko. Ikaamuliwa wapewe kibali cha ukaazi, na kibali hicho huhuishwa kila mwaka. Mpaka leo hakuna mnyama hata mmoja aliyekamatwa bila kibali.

Sasa, sheria ya nchi ile ni nyepesi hata mtoto anaielewa: hakuna jiwe linaloguswa kabla kazi haijazinduliwa na mgeni rasmi. Mgeni rasmi huja na ving'ora, huvuta kitambaa, na nyuma ya kitambaa kuna kibao cha marumaru nyeusi chenye jina lake kwa herufi za dhahabu, kubwa kuliko jina la Mtakatifu Barnaba mwenyewe. Kibao hicho lazima kifungwe kwenye nguzo ya saba. Kwa nini ya saba? Kwa sababu iko karibu na mlango wa pembeni, mwanga wake unawapendeza wapiga picha, na zulia jekundu linaishia hapo hapo. Kila kibao kina boliti nne, na kila boliti inataka tundu lake. Wakati wa habari hii vibao vilikuwa arobaini na kimoja.

Hapo bado. Vibao vilipangwa kwa vyeo. Jiwe la naibu waziri likikaa juu ya jiwe la waziri, nchi itatawalika kweli? Kwa hiyo baraza la mawaziri likibadilishwa, na kule hubadilishwa kama watu wanavyobadilisha shati, aliyepandishwa cheo hupandishwa na jiwe lake, na aliyetumbuliwa huteremshwa mpaka usawa wa goti. Kila kupanda na kushuka ni matundu manne mapya. Yupo waziri mmoja wa mifugo aliyehamishwa mara sita. Ukihesabu na pale alipoanzia, yeye peke yake alikuwa na matundu ishirini na manane.

Aliyeyatoboa matundu hayo alikuwa Fundi Ladislaus Chembera, mwashi wa mawe, mtoto wa mwashi, mjukuu wa mwashi. Aliajiriwa na Mamlaka ya Taifa ya Uhifadhi, Ukarabati na Uenzi wa Kumbukumbu Kuu ili atengeneze kanisa, na katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kupewa jiwe hata moja la kutengeneza. Alipewa keekee ya kutobolea. Kila akiizungusha moyo ulimuuma, maana aliijua nguzo ile inabeba nini: inabeba tao, tao linabeba paa, na chini ya paa, kila Jumapili saa mbili, anakaa mke wake.

Mama Ponsi alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza. Kwaya ya Mtakatifu Barnaba imekaa chini ya nguzo ya saba tangu enzi za yule askofu, na kiti cha mwisho, kinachogusana na nguzo kabisa, kilikuwa chake. Akiimba pale, sauti inapanda kwenye tao, inazunguka, inarudi imenona. Watu walikuwa wanakuja kanisani kwa ajili ya ile sauti, wengine hata si Wakristo.

Siku moja Fundi akauona ufa. Ulianzia kwenye tundu mojawapo la waziri wa mifugo, ukapanda juu kama mjusi. Hakupiga kelele. Alikata kipande chembamba cha kioo, akakibandika kwa chokaa, kichwa upande huu wa ufa na mkia upande ule. Ni ujanja aliofundishwa na baba yake: kioo kikibaki kizima, ufa umelala, kikikatika, ufa unatembea. Alikibandika Jumatatu, na Alhamisi alikikuta kimekatika katikati.

Jioni ile alimkuta mkewe anachambua mchicha.

"Mama Ponsi, Jumapili ukae upande wa pili, kule kwa akina besi."

"Kuna nini?"

"Nguzo inatembea."

Mama Ponsi aliacha mchicha. Alimtazama mumewe ahakikishe si mzaha, akaona si mzaha.

"Nikihama mimi, kile kiti kitabaki kitupu?"

"Kitupu? Atakaa mwingine."

"Basi kichwa cha mwenzangu si kichwa? Sihami, Baba Ponsi. Wewe ndiye fundi, tengeneza nguzo."

Na mwanamke yule akisema sihami, hahami. Fundi hakulala vizuri. Asubuhi alivaa koti lake la mazishi, akaenda Mamlaka.

Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka aliitwa Dakta Sifuni. Ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na kanisa, na ukutani alikuwa ametundika methali ndani ya fremu ya dhahabu: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Kwa umri, yeye ndiye aliyestahili kumwamkia Fundi. Lakini pale Mamlaka kinachoamkiwa ni kiti.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba. Sema, nina kikao."

Fundi akaeleza. Akatoa mfukoni vipande viwili vya kioo. Dakta Sifuni alivitazama kwa huruma, kama mtu aliyeonyeshwa jino la mtoto wa jirani.

"Fundi, nikupongeze kwa kugundua ufa. Ni mchango mkubwa kwa taifa. Ufa wako utaingizwa kwenye Mpango, utaundiwa kamati, na ukipitishwa tutamwomba mgeni rasmi aje kuzindua uzibaji wake. Kwa ratiba ilivyo, nikikazana, ni miezi kumi na minne."

"Dakta, nguzo haitangoja miezi kumi na minne. Kwaya inakaa chini yake."

"Kwaya wanaimba nini?"

"Nyimbo za Mungu."

"Basi Mungu anawajua." Dakta akasimama kuonyesha mazungumzo yamekwisha. "Ufa uwe na subira, Fundi. Sisi wote tuna subira. Na nyuma yako, unaona? Methali ile niliitundika mwenyewe."

Fundi akatoka na hasira. Mtu mzima, mvi kichwani, alitamani kukaa barabarani alie. Lakini kulia hakuzibi ufa, na Jumapili ilikuwa kesho kutwa.

Bahati njema Serikali ile, pamoja na mapenzi yake mengine, inapenda vitambaa. Sikukuu ya Uhuru ikikaribia, kila kitu cha umma hufunikwa kwa rangi za taifa: majengo, sanamu, minazi, na mwaka mmoja hata ng'ombe wa gereza. Sikukuu ilikuwa imekaribia, na siku ile ile Fundi akapewa majora ya kitambaa alipambe kanisa. Akaanza na nguzo ya saba. Akaizungushia kitambaa kutoka chini mpaka kwenye tao, akaingia ndani yake na tindo, nyundo, mwiko, na ndoo ya chokaa.

Humo ndani alifanya kazi siku kumi na moja, tangu asubuhi mpaka saa kumi. Alisimika mirunda ya kushikilia tao. Alivishusha vibao vyote arobaini na kimoja, akaandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji nani anakaa juu ya nani, asije akamtumbua mtu kwa bahati mbaya. Akayatoa mawe yaliyooza, akachonga mapya, akayapandisha kwa kamba akisaidiwa na Mzee Kasiani wa sauti ya besi, aliyekuwa na kifua cha kubeba jiwe na siri pia. Matundu yote akayajaza. Kisha vibao akavirudisha kwa chokaa tu, bila boliti hata moja, kila mheshimiwa mahali pake. Katikati ya kazi hiyo zilipita Jumapili mbili, na kwaya iliimba huku mirunda imeshikilia tao nyuma ya kitambaa. Fundi alizisikiliza misa zote mbili ameshika mrunda mmoja kwa mikono miwili, kana kwamba angeweza kulizuia tao.

Maofisa walipita mara nyingi wakakuta kitambaa kinatikisika.

"Unafanya nini humo, Fundi?"

"Napamba, mkubwa."

"Hongera kwa uzalendo!"

Sikukuu ilipopita vitambaa vikashuka, na nguzo ya saba ikawa imesimama wima kama siku ilipozaliwa. Fundi alitupa timazi toka juu, uzi ukakaa sawasawa na jiwe. Hapo ndipo alipocheka mwenyewe, peke yake, kwa sauti, mpaka njiwa wakaruka.

Furaha hiyo ilidumu siku tisa. Siku ya kumi habari zilifika kwamba Mheshimiwa Mlezi Mkuu wa Taifa, mtu wa kwanza kabisa katika nchi, amepata nafasi Alhamisi inayokuja. Ilikuwa akazindue daraja, lakini maji yamelichukua daraja kabla yake, jambo ambalo Serikali ililiita utovu wa nidhamu wa mto. Sasa alitaka kitu kingine cha kuzindua. Dakta Sifuni akakumbuka ufa. Akaja mbio, kamera shingoni, akaizunguka nguzo ya saba mara tatu.

"Fundi. Ufa uko wapi?"

"Nimeuziba, Dakta."

"Umeuziba? Kwa ruhusa ya nani?"

"Ruhusa sikuwa nayo. Nilikuwa na chokaa."

Dakta Sifuni alikaa kwenye kiti cha Mama Ponsi, akajipepea kwa ratiba ya Mlezi Mkuu. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Unajua umefanya nini? Umeiba! Ufa ule ulikuwa mali ya umma. Umo kwenye Mpango wa Taifa, ukurasa wa mia mbili na tatu, una picha zilizopigwa kabla ya vitambaa. Mimi nimekwisha kumwambia Mlezi Mkuu kwamba tuna ufa. Atakuja hapa azindue nini sasa? Uzima?"

"Dakta, si ndiyo tulikuwa tunataka, nguzo iwe nzima?"

"Nzima, ndiyo, lakini kwa utaratibu!" Akasimama. "Una siku sita. Urudishe ufa kama ulivyokuwa, urefu ule ule, upana ule ule, na pale ulipopinda upinde. Picha ninazo, nitapima. Na usiniletee ufa wa rangi, maana Sheria ya Kumbukumbu inakataza ubandia. Ukishindwa, kukarabati kabla ya uzinduzi ni miaka mitano jela, na mimi mwenyewe nitakuwa shahidi."

Fundi akarudi nyumbani. Ilikuwa mchana, na Mama Ponsi alikuwa mbele ya kioo anajitengeneza kwenda harusini. Akamsimulia yote.

"Ukiurudisha, tao litakaa?"

"Halitakaa. Chokaa bado mbichi. Litakuja lote chini."

"Na usipourudisha?"

"Miaka mitano."

Mama Ponsi alishusha kijiti cha wanja. Aliogopa, na hakuficha kwamba ameogopa. Kisha akageukia kioo na kuendelea kuchora nyusi, kwa kuwa harusi haikungoji hata kama mumeo anakwenda jela.

"Fikiri, Baba Ponsi. Mimi kuimba, wewe mawe."

Fundi alimtazama. Miaka kumi na mitano sasa Mama Ponsi hakuwa na nyusi. Zilikwenda na ugonjwa fulani na hazikurudi. Lakini mtu gani alilijua hilo? Harusini wangemwambia kama kawaida, dada, nyusi zako hizo! Fundi akainuka kitini taratibu.

"Mama Ponsi, huo wanja umebaki mwingi?"

Akaenda akapanda jukwaa. Ufa wake aliuanzishia juu kuliko mkono wa mtu unavyofika, ili asije mheshimiwa akaupapasa. Kwa tindo ndogo akachora mfereji wa kina cha ukucha, usioingia ndani, usiomuumiza mtu. Akaupinda pale ulipopinda. Akaujaza masizi na wanja, akapuliza vumbi, na pembeni akamenya jiwe kidogo kidogo lionekane limechoka. Siku ya tano Dakta alikuja kukagua. Picha aliitazama kwa kioo cha kukuzia, na nguzo aliitazama kwa darubini, kwa kuwa kupanda jukwaa si kazi ya mtu mwenye shahada tatu.

"Naam! Huu sasa ndio ufa. Nikueleze ukweli, Fundi, ule wa mwanzo ulikuwa umekaa ovyo ovyo. Huu una heshima."

Alhamisi ikafika. Ving'ora vikalia, zulia likatandikwa, kwaya ikavaa majoho mapya, na Mlezi Mkuu akaingia akiwa na keekee iliyopakwa dhahabu. Alipewa nafasi ya kusema maneno machache, akasema saa moja na nusu.

"Ndugu wananchi! Ufa si ufa tu. Ufa ni mlango wa fursa! Serikali zilizotangulia ziliwaachia nini? Ziliwaachia vijiufa vidogo vidogo, visivyo na mwelekeo. Leo tunasimama kifua mbele, tukiwa na ufa mkubwa kuliko wowote katika ukanda huu, na umepatikana kwa nguvu zetu wenyewe!"

Makofi. Wengine walilia. Kisha akaikaribia nguzo ili atoboe tundu la kwanza la kibao cha arobaini na mbili. Akainua macho, akauona ufa kwa karibu, unavyopanda mweusi mpaka kwenye tao, juu ya kichwa chake kabisa. Keekee ikashuka yenyewe.

"Dakta. Hii nikiitoboa, haitatuangukia?"

"Haijawahi kuanguka, Mheshimiwa."

"Hata mimi sijawahi kufa," alisema Mlezi Mkuu, akarudi nyuma hatua nne.

Ikaamriwa kibao kiwekwe juu ya kiti, kizinduliwe kikiwa kimekaa. Viti vya wageni navyo vikabebwa mbio upande wa pili wa kanisa, chini ya nguzo ya nne. Nguzo ya nne ilikuwa na ufa wake, wa kweli, unaoingia ngumi, ila ufa huo haukuwa kwenye ratiba, kwa hiyo haukuwa na hatari. Waliobaki chini ya ya saba ni kwaya, na hakuna mwimbaji aliyetikisika. Magazeti yaliandika baadaye kwamba hiyo ni imani kwa Serikali.

Kitambaa kilipovutwa, Mlezi Mkuu akamwita Fundi, maana washauri wake humwambia azungumze na mtu mmoja wa chini katika kila sherehe.

"Mzee, hii kazi itakuchukua muda gani?"

Hapa Fundi nusura ajiangamize. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba mwashi anaweza kudanganya juu ya umri, juu ya mke na hata juu ya pombe, lakini juu ya jiwe, hapana. Kuchora ufa aliweza, kwa kuwa mkono haukuapa. Kusema ndiyo kulimshinda. Akavuta pumzi.

"Mheshimiwa, kusema kweli, nguzo hii..."

Mama Ponsi aliujua mdomo ule miaka thelathini. Hakungoja mwalimu wa kwaya ainue mkono. Akafungua kinywa, akautupa wimbo juu kabisa, sauti ya kwanza peke yake, na kabla haujarudi kutoka kwenye tao besi za Mzee Kasiani zikaudaka, kisha kwaya nzima. Kanisa likajaa. Mlezi Mkuu aliona midomo ya Fundi inacheza lakini hakusikia kitu. Dakta Sifuni akamnyooshea vidole vinne, Mlezi Mkuu akatikisa kichwa kuridhia, akaanza kucheza kidogo kwa mabega, na mambo yakaisha hapo.

Vidole vinne vya nini? Hata Dakta hakujua. Gazeti la Serikali liliamua ni miaka. Asubuhi yake liliandika: MLEZI MKUU AZINDUA UFA, UZIBAJI KUCHUKUA MIAKA MINNE TU.

Basi Fundi akaamriwa kuziba, kwa miaka minne, ufa uliokwisha kuzibwa. Na Dakta Sifuni, kama nilivyosema, hakuwa mtu wa kupanda jukwaa. Alisimamia kazi kwa masikio. Alikuwa na karani maalumu aliyekaa dirishani ng'ambo ya barabara, na karani huyo alijaza fomu kila siku: nyundo imesikika, nyundo haikusikika. Nyundo ikisikika kutoka nguzo ya saba, taifa linasonga mbele. Kwingine kote ilikuwa marufuku kugusa jiwe, kwa kuwa hakujazinduliwa.

Wiki ya kwanza Fundi alikaa juu ya jukwaa anapiga jiwe bovu alilopakata, ko, ko, ko, huku anaitazama nguzo ya nne, na ya tisa, na ya kumi na moja. Alikuwa amebandika vioo kwenye zote. Vitano vilikwisha kukatika. Mama Ponsi alimletea chakula, akamkuta hajala cha jana.

"Nguzo yangu nzima, Baba Ponsi. Kinachokutesa ni nini?"

"Yako nzima. Wanaokaa chini ya zile nyingine je?"

Mama Ponsi akazitazama. Kisha akapanda jukwaa na kanga yake kiunoni, akamnyang'anya nyundo.

"Yule karani anasikiliza nyundo, au anamsikiliza Ladislaus?"

Tangu siku ile kwaya ya Mtakatifu Barnaba ikawa na mazoezi kila siku ya kazi. Mamlaka ilifurahi, ikaandika kwamba ukarabati umeamsha ari ya ibada. Sauti ya kwanza walipiga nyundo Jumatatu na Jumanne, ya pili Jumatano, ya tatu Alhamisi, na Ijumaa alikuwa Mzee Kasiani, aliyepiga kwa nguvu mpaka karani akaandika maendeleo ya kuridhisha. Wakati nyundo inalia kwenye ya saba na wimbo unapanda, Fundi yuko kwenye ya nne na chokaa yake, anafanya kazi. Kisha ya tisa. Kisha ya kumi na moja. Kwenye ya pili alipoteza ukucha wa kidole gumba, kwenye ya tano goti likaharibika na halikupona. Miaka minne ilipotimia, nguzo zote kumi na mbili zilikuwa zimesimama juu ya mawe yake, na ripoti ya Mamlaka ilionyesha kwamba nguzo ya saba imefikia asilimia thelathini na moja.

Dakta Sifuni akaja kukagua. Mama Ponsi alikuwa kwenye kiti chake, anakunja vitabu vya nyimbo. Dakta alitembea polepole kati ya nguzo, mikono nyuma. Akaigonga ya nne kwa pete yake. Akaigonga ya tisa. Akaizunguka ya kumi na moja, akaipapasa, na uso wake ukalainika.

"Fundi, njoo. Njoo uone. Nguzo kumi na moja, hazijaguswa na mtu zaidi ya miaka mia, na hazina hata mkwaruzo! Wazee wale walikuwa mafundi. Mafundi! Wewe nimekupa moja tu, miaka minne, na bado ina ufa." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mbona ninyi wa siku hizi hamjifunzi?"

Kitabu cha nyimbo kilimwanguka Mama Ponsi. Akasimama, macho yamemjaa maji ya hasira, na safari hii ni yeye aliyefungua kinywa ili aseme ukweli wote, jiwe kwa jiwe. Fundi alimwona. Ilimuuma, tusidanganyane, ilimuuma kuliko ukucha na kuliko goti. Akamtazama mkewe, akatikisa kichwa kidogo tu. Mama Ponsi akafunga kinywa.

"Ni kweli, Dakta," alisema Fundi. "Walijenga."

"Basi. Mimi si mtu mbaya. Nakuongezea miaka mitatu mingine umalize hii moja. Lakini nisikie nyundo!"

Akaondoka, viatu vyake vikilia mpaka mlangoni. Mama Ponsi akaja akamshika mumewe mkono, ule usio na ukucha. Fundi hakuwa anamtazama. Alikuwa ameinua uso, anafuata tao baada ya tao, mpaka kule juu kabisa ambako mvua ya juzi ilikuwa imeacha doa jeusi kati ya mawe.

"Miaka mitatu, Mama Ponsi," alisema. "Inatosha paa lote."